Agnès Ajifunza Kulala Mchana

Kila alfajiri Agnès alikwenda shambani, nje ya Kolwezi. Akirudi, alichota maji. Akitua ndoo, alishika mchi na kutwanga mihogo. Mchana aliuza makala mbele ya nyumba. Kampuni ya mgodi ilikuwa imeacha kulipa, na mumewe Mukalay, mfanyakazi wake, alishinda barazani.

Hata usingizi ulimkimbia. Akifumba macho alimwona jirani yake Tshilombo. Watu wa asili ya Kasai, jimbo la jirani, walipofukuzwa mjini, Tshilombo alisukumwa hadi stesheni, godoro kichwani, watoto nyuma yake. Agnès aliogopa, akafunga mlango. Hakumuaga. Basi alizidisha kazi ili asikumbuke.

Maziwa yake yakaanza kupungua. Mignonne, mtoto wake asiye na jino hata moja, alivuta ziwa, akaliachia, akalia.

Mama Shida, mkunga mstaafu wa mtaa ule, alisikia kilio akaingia.

"Mama Agnès, mutoto analia njaa."

"Maziwa inakauka, mama. Leo nitamupa uji."

"Uji? Mudogo hivi? Utamuletea kuhara. Wewe unalala?"

"Kulala ni ya batajiri."

"Ikala chini!" Shida akamgeukia Mukalay pale barazani. "Tata Mukalay, kule mu mine ya kampuni, mutu mumoja alikuwa anafanya zamu, poste ya asubuhi, ya mchana na ya usiku bila kupumuzika?"

Mukalay akacheka. "Hapana! Angeua benzake."

"Bibi yako anafanya yote tatu. Chef wake, mukubwa wa kazi, ni nani?"

Kicheko kikakatika; Mukalay akautazama mchi. "Mama, nikitwanga batu batanicheka."

"Bacheke. Kicheko haiue mutoto."

Kisha Shida akamgeukia Agnès, akaeleza polepole. "Mwili ukichoka sana, na moyo ukibeba huzuni, maziwa inashuka kwa shida. Mulale pamoja, mutoto kwenye kifua. Munyonyeshe kila akitaka. Kunyonya ndiyo kunaita maziwa. Kula, kunywa maji. Ile inakuumiza, useme. Lakini mutoto akilegea, ao asipokojoa vizuri, mukimbie ku dispensaire siku ileile."

Agnès akasema yote ya Tshilombo. Alilia mpaka kitenge kikalowa. Halafu Agnès akalala, Mignonne kifuani.

Mukalay akashika mchi. Vijana waliopita wakapiga miluzi. "Tata Mukalay amekuwa mama!"

"Ndiyo vile," akajibu. "Kujeni munisaidie, ao mwende zenu!"

Wakaenda zao. Yeye akaendelea kutwanga, na kesho yake akachota maji.

Huzuni ya Agnès haikwisha, lakini usingizi ulirudi. Maziwa pia yalirudi kidogo kidogo. Kabla ya juma kwisha, Mignonne alinyonya mpaka yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Siku moja mchana mteja alikuja.

"Mama Agnès iko wapi?"

"Analala," Mukalay alisema.

"Saa hii? Ni mugonjwa?"

"Hapana. Analala ili asigonjwe. Unataka makala?"