Mtaa Anaoweza Kuutembea Bibi

Kila asubuhi, baada ya kumshukuru Mungu kwa kuamka salama, Bibi alichukua fimbo yake na kutoka nje. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na vivuli tu. Lakini mtaa wake aliujua kwa miguu. Hapa jiwe, pale mtaro, mbele harufu ya sabuni ya kinyozi. Alikwenda dukani mwenyewe, akarudi mwenyewe. Mtu akitaka kumshika mkono, alimwambia, "Niache. Yaliyofifia ni macho, miguu bado mizima."

Bibi aliishi na mwanawe, fundi wa friji. Mke wa mwanawe alikuwa fundi wa cherehani. Walikuwa na binti mmoja, na nyumba nzima ilimwita Kidole Juu. Alipenda mno kuuliza maswali. Hata akiwa mezani alinyoosha kidole kama yuko darasani.

Jioni moja Baba aliingia mbio, akasahau hata kuvua viatu.

"Nimepata!" alisema.

"Umepata nini, homa?" Mama aliuliza. Alikuwa anashona pindo la gauni.

"Kazi! Lile ghala kubwa la baridi nililokwenda kufanyia usaili limenichukua. Nitakuwa fundi mkuu. Tunahama!"

Ghala hilo lilikuwa upande wa pili wa nchi. Mama alitupa gauni juu ya cherehani, akapiga vigelegele. Kidole Juu aliruka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Bibi naye alicheka, akasema, "Mungu hamtupi mja wake." Kisha akanyoosha mkono, akaupapasa ukuta taratibu, kama mtu anayeaga.

Kidole Juu alimwona. Akamsogelea.

"Bibi, wewe hutaki kuhama?"

"Nataka, mke mwenzangu. Riziki ya baba yako ni riziki yangu. Ila hapa njia nazijua. Kule nitawekwa kitini kama kifurushi, nisubiri wa kunibeba."

Walipokaa kula, Kidole Juu alinyoosha kidole.

"Baba, huko tunakokwenda, Bibi atatembea wapi?"

"Uani! Subiri uone ua wenyewe." Baba alitoa simu yake. Dalali alikuwa amemtumia picha. Nyumba ilikuwa mpya, pembezoni mwa mji. Ilikuwa na vigae vinavyong'aa, geti jeusi na jiko kubwa. "Nilipita pale Jumapili, siku moja kabla ya usaili. Mtaa umetulia! Huwezi kusikia hata mbu. Mimi nawaambia kila siku, friji nzuri haipigi kelele. Na mtaa mzuri ni hivyohivyo. Dalali anataka jibu kesho."

Jirani yao alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Watu walimwita Mama Mahamisho. Mumewe alikuwa mwalimu wa serikali, na kila walipozoea mahali, barua ya uhamisho iliwafuata. Walikuwa wamehama mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka.

"Hongera, shemeji," alisema. "Lakini huyo dalali ana haraka ya nini? Kizuri chajiuza."

"Nyumba kama hii itachukuliwa, dada."

"Ichukuliwe. Sikiliza, nikwambie nilichojifunza kwa machozi. Nyumba mbovu unaweza kuirekebisha. Utabadilisha kitasa, utapaka rangi. Je, mtaa utaubadilisha? Kwanza chagua mtaa, halafu ndipo utafute nyumba ndani yake."

"Mtaa unachaguliwaje?" Mama aliuliza.

"Kwa miguu. Nendeni siku ya kazi, siyo siku ya mapumziko. Nendeni saa watoto wanapotoka shule. Tembeeni kutoka mlangoni mpaka shuleni, mpaka zahanati, mpaka dukani. Tazameni mitaro, maana mtaro uliojaa taka utawaingilia ndani siku ya mvua. Ulizeni wenyeji, tena msiulize kama mtaa ni mzuri. Kila mtu atasema ni mzuri. Ulizeni: ni kitu gani hapa hukipendi? Kisha linganisheni mtaa zaidi ya mmoja."

Baba alijikuna kichwa.

"Na jambo la mwisho," alisema Mama Mahamisho. "Mchukueni Bibi mwende naye. Yeye ndiye kipimo chenu. Njia inayomfaa yeye itamfaa na mtoto."

"Mimi?" Bibi alicheka. "Mnataka kipofu awachagulie?"

"Ndiyo, mama. Hao wenye macho wameshapofushwa na vigae."

Watu wote walicheka. Baba alicheka wa mwisho, lakini alicheka. Akamwandikia dalali kwamba watakuja kwanza kuona.

Walisafiri wote wanne. Kidole Juu alikaa dirishani na kumsimulia Bibi kila kitu: mto, mlima, ng'ombe, mlima mwingine. Bibi alitabasamu njia nzima. Walifikia nyumba ya wageni, wakapumzika, wakamwomba Mungu awaongoze. Siku ya Jumatatu mchana walikutana na dalali kwenye mtaa wa ile nyumba.

Nyumba ilikuwa kama picha. Mama aligusa jiko, macho yakamng'aa. Baba alifungua geti na kulifunga, akalifungua tena.

"Si nilisema?" alisema kwa furaha.

Bibi alikuwa amesimama nje na fimbo yake. Mara ardhi ikatetemeka. Lori likapita, vumbi likapanda. Nyuma yake likaja jingine, na jingine. Mwisho wa mtaa kulikuwa na machimbo ya kokoto. Jumapili machimbo yalifungwa. Jumatatu malori yalirudi.

Bibi alinyoosha fimbo barabarani. Akairudisha. Akainyoosha tena. Akairudisha.

"Shule iko wapi?" Mama aliuliza.

"Hapo ng'ambo tu," alisema dalali. "Karibu sana."

Kidole Juu alinyoosha kidole. "Ni saa ya kutoka shule. Mbona sioni watoto?"

Mwanamke mmoja alikuwa anaanua nguo zake, akizikung'uta vumbi. Mama alimsalimia, akamuuliza asichokipenda pale.

"Dada yangu, ni hii barabara," alijibu. "Watoto wetu tunawafungia ndani. Wakitoka shule tunawafuata mmojammoja, kwa hofu. Nyumba ni nzuri, ndiyo. Ila mtoto hajui mchezo wa nje."

"Mtazoea tu," alisema dalali.

"Hata kaburi mtu hulizoea," Bibi alijibu.

Baba alijipangusa vumbi usoni. Mama alimgeukia, akasema kwa upole, "Baba Kidole, kuna friji ambayo haitoi sauti hata kidogo. Ile huwa imefanya nini?"

Baba alitazama malori. Akatazama fimbo ya mama yake. Kisha akaanza kucheka mwenyewe.

"Imekufa," alisema. "Jumapili nilisikiliza friji iliyozimwa."

Kesho yake walikwenda mtaa mwingine, upande wa pili wa mji. Hapo hapakuwa na geti jeusi. Nyumba iliyokuwa inapangishwa ilikuwa ndogo, ya zamani, na mlango wake ulifunguka kwa kusukumwa na bega. Mama alitazama jiko, akaguna.

"Hapa tukiingia wawili, mmoja lazima awe juu ya dirisha."

Lakini nje! Barabara ilikuwa na matuta, magari yalipita polepole. Kando yake kulikuwa na njia ya miguu, na mitaro ilikuwa safi. Kengele ya shule ililia, na mara kelele zikaja kama ndege shambani. Watoto walitembea kwa kundi, mama mmoja mbele, baba mmoja nyuma. Wazazi wa mtaa walipokezana zamu. Zahanati ilikuwa kwenye kona, na nyumba ya ibada ilikuwa jirani nayo.

Muuza duka aliulizwa swali lilelile. Hakuficha.

"Maji hukatika, inabidi mweke akiba. Na yule pale ana jogoo asiyejua saa. Anawika hata wakati wa chakula cha mchana."

"Afadhali jogoo kuliko lori," alisema Baba.

Wakati wanazungumza, Kidole Juu aligeuka. "Bibi yuko wapi?"

Walitoka mbio. Bibi alikuwa mbali kidogo, peke yake, juu ya njia ya miguu. Fimbo iligonga ukingo, to, to, to. Alifika kwenye kona, akasimama, akanusa dawa za zahanati. Akageuka, akarudi. Watoto walimpisha. "Shikamoo, bibi!" walisema. "Marahaba, wajukuu," aliitikia, kila mmoja kwa zamu yake.

Alipofika, jasho lilikuwa linamtoka na uso unacheka.

"Mama, ulitutisha!" alisema Baba.

"Mwanangu, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ukipenda panga nyumba hii ya mlango wa bega. Nitausukuma mimi."

Walihamia hapo. Baba aliurekebisha mlango. Waliweka pipa la maji. Mama alipata wateja kwenye kundi la wazazi wa zamu. Kidole Juu alikwenda shule kwa miguu, akirudi na marafiki na vumbi la mchezo.

Mwaka ulipozunguka, gari la mizigo lilisimama mbele ya duka. Ndani kulikuwa na familia ngeni, wachovu wa safari, wamepotea. Baba yao alimwona mama mzee anatoka dukani na chumvi.

"Shikamoo, mama. Tunatafuta zahanati. Mtoto ana homa."

"Marahaba. Fuata njia hii ya miguu, tuta la kwanza, tuta la pili. Ukisikia harufu ya dawa, umefika." Bibi alihamishia chumvi mkono wa pili, akainua fimbo. "Au nifuateni. Nawapeleka."

Akatangulia mbele, na wenye macho wakamfuata nyuma.