Nani Ndani ya Kabuti

Muuaji wa kwanza alikufa kabla ya chai ya saa nne, na hakufa kwa heshima.

Alikuwa akishuka mbio ngazi za nyuma za kituo cha televisheni, viatu mkononi asisikike. Nyigu alimfuata na viatu vyake miguuni, kwa kuwa hakujali nani anasikia. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, na hawakumpa kwa ajili ya kiuno.

Kwenye kona ya ghorofa ya pili jamaa aligeuka na kisu. Nyigu aliukamata mkono, akaupinda mpaka ukalia, kisha akampigiza uso ukutani. Akampigiza tena, asije akadhani ya kwanza ilikuwa bahati mbaya.

"Mwenzako ni nani?"

Jamaa alitema jino. "Umechelewa, dada. Ameshaingia studio."

"Nimekuuliza ni nani."

Badala ya kujibu alijirusha amvae. Nyigu akapisha. Vyuma vya kando ya ngazi vilikuwa vifupi, na huko chini kulikuwa na saruji. Kilisikika kishindo kimoja, basi.

Nyigu aligusa kidude cha sikioni. "Fundi."

"Nakusoma." Fundi Mitambo alikuwa nje ya geti, ndani ya Land Cruiser yenye vioo vyeusi, amezungukwa na skrini.

"Mmoja kaondoka. Wa pili yumo ndani. Ana kitambulisho cha wafanyakazi, nadhani kama hiki cha huyu."

"Subiri, Mkuu yuko kwenye laini."

Sauti ya Mkuu iliingia, kavu, ya mtu asiyelala. "Sindano umeshamjua?"

"Bado, Mkuu."

"Harakisha, mwanangu. Mahakama inakaa saa nane."

Nyigu alilijua hilo.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Siku za mwisho za vita, Jenerali wa upande ulioshindwa aliingia kwenye hema la majeruhi akiwa na bastola, akapita kitanda hadi kitanda. Aliponyoka shahidi mmoja tu, mganga wa mstari wa mbele ambaye askari walimwita Sindano. Jenerali alikimbilia ng'ambo, akala raha miaka na miaka, mpaka juzi juzi alipokamatwa na kuletwa. Sasa, kama Sindano hasimami kizimbani leo, mzee yule anarudi zake nyumbani akipiga mluzi.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemjua Sindano. Kumbukumbu za jeshi ziliungua, na mwenyewe hakuiamini serikali hata kwa kuazima kiberiti. Alimpigia mwendesha mashtaka simu moja tu, sauti kaibana na kitambaa. Alisema, "Nikishatoka ndani ya kabuti, nakuja moja kwa moja." Simu ile ilikuwa ikisikilizwa na watu wa Jenerali. Mjinga ni nani basi? Hakuna. Mtu akikaa kimya miaka yote hiyo, lazima siku moja ulimi umteleze.

Nchi nzima ilijua kabuti ni nini. Kilikuwa kipindi cha televisheni. Watu watatu maarufu waliowahi kutumika vitani walikalishwa mbele ya kamera, wamevalishwa makabuti ya jeshi mpaka vifundoni na barakoa nyeusi mpaka shingoni. Sauti zao zilipitishwa kwenye mtambo zikatoka kama za watu waliomo ndani ya pipa. Watazamaji walipiga simu kukisia ni akina nani. Watu waligombana majumbani kwa sababu ya kipindi hicho.

Leo walikuwa Malkia wa nyimbo, Kocha wa timu ya taifa, na Kibonge, mchekeshaji ambaye kwenye michezo yake yote huwa anazimia akiona damu.

"Tukifute tu," Nyigu alikuwa amesema asubuhi.

"Tukikifuta, muuaji atamngoja kwenye ngazi za mahakama," Mkuu alijibu. "Mmalizie humo humo."

Baada ya kutoka kwenye ngazi zile, aliwahoji wote watatu, mmoja mmoja, kwenye chumba cha vipodozi. Malkia alicheka mpaka kope za bandia zikabanduka. Kibonge alisema, "Mimi? Mama yangu mzazi alinishikilia na watu wanne ili nipigwe chanjo." Kocha alinyamaza. Alikuwa na mguu unaochechemea na macho ya mtu anayeficha jambo.

Nyigu alikisia Kocha.

Kwa hiyo alimfunga pingu kwenye bomba la maji, akamwomba radhi, akachukua kabuti lake. Chini ya kabuti alivaa fulana ya kuzuia risasi. Mfukoni, bastola ya Glock.

Akaingia studio, akakaa kiti cha kulia.

Taa zilikuwa kali. Mtangazaji, binti mwenye gauni la njano, alikuwa akichekea kamera kana kwamba imemposa. Simu ya kwanza ikaingia.

"Huyo wa kulia namjua kwa mabega. Ni Kocha, niue."

"Na wa katikati?"

"Huyo... huyo ni waziri. Ona tumbo."

Watu ukumbini wakacheka. Nyigu hakucheka. Alikuwa akipitisha macho kwenye kila uso: wapiga kamera watatu, mshika kipaza sauti, mzee wa taa, watazamaji kwenye mabenchi. Mtu yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye.

"Fundi, kuna chuma chochote?"

"Studio nzima ni chuma, dada. Kifaa changu kinapiga kelele kila kona."

Simu ya pili ikaingia, mama mmoja mwenye sauti nzito. Alikuwa hajamaliza salamu.

Paf.

Ilikuwa sauti ndogo, ya bastola yenye kizuia sauti. Mtangazaji alikaa chini taratibu, akiwa bado anatabasamu, na paja la gauni la njano likawa jekundu. Damu ilikuwa ikiruka. Ndipo alipopiga ukelele.

Ukumbi ulilipuka. Mabenchi yalipinduka, watu wakakanyagana mlangoni. Malkia alivua barakoa, akavua na viatu, akatoweka nyuma ya pazia kwa kasi ambayo mashabiki wake wasingeiamini.

Nyigu alikuwa ameshachomoa Glock nusu. Akajiuliza kwa nini paja. Mtu aliye karibu hivi, mwenye silaha ile, hakosei kichwa. Alitaka damu. Alitaka mtu avuje mbele ya watu, ili aone nani atakayemkimbilia.

Na mtu mmoja alikuwa ameshamkimbilia.

Kabuti la katikati lilipiga magoti kwenye dimbwi la damu. Mikono minene ilichomoa mkanda wa kabuti, ikauzungusha juu ya jeraha, ikapitisha kalamu nene, ikakaza, ikakaza tena. Damu ikaacha kuruka. Mikono ile haikutetemeka hata kidogo. Kisha mmoja ukanyooka kwenye mkoba wa mtangazaji uliodondoka kando yake, ukatoa rangi ya mdomo, ukaelekea kwenye paji la uso wa binti yule.

Nyigu aliijua ishara hiyo.

Kaka yake aliwahi kumsimulia. Kule vitani, askari yeyote angeweza kumfunga mwenzake jeraha. Lakini kuandika saa kwenye paji la uso, ili anayempokea majeruhi ajue mguu umefungwa tangu lini, hiyo ilikuwa kazi ya waganga wa mstari wa mbele peke yao. Waliandika kwa mkaa. Waliandika kwa damu, mkaa ukikosekana. Mganga akishafunga, mkono wake unakwenda wenyewe kuandika, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Watu wa Jenerali walilijua hilo. Huo ndio ulikuwa mtego.

Nyigu aliinua macho. Studio yote ilikuwa imekimbia isipokuwa mpiga kamera mmoja. Alikuwa bado amesimama nyuma ya kamera ya tatu, jicho kwenye kioo, akivuta picha karibu. Mkono wake wa kulia haukuonekana.

Hapakuwa na nafasi ya kumpiga. Binti na mganga walikuwa katikati.

Nyigu alijitupa. Alimgonga mganga kwa bega mpaka akabiringika nyuma ya viti, akampokonya rangi ya mdomo, akainama juu ya mtangazaji. Akaandika, tarakimu kubwa, kamera ione vizuri: 4:25.

Paf. Paf.

Risasi zote mbili zilimpata kifuani. Fulana ilizishika, lakini mbavu hazikuwa na fulana. Alianguka chali, pumzi imekatika, mdomo umejaa ladha ya chuma.

Mpiga kamera alitoka nyuma ya mtambo wake. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, shati limechomekwa. Alitembea bila haraka, akasimama juu yake, akaelekeza bastola kwenye barakoa.

"Jenerali anakusalimu, Sindano."

"Na mimi namsalimu," Nyigu alisema, na akafyatua kupitia mfuko wa kabuti.

Risasi ilipasua paja. Jamaa aliyumba lakini hakuanguka, bastola yake ikaruka na kuteleza chini ya viti. Alimwangukia Nyigu kwa uzito wake wote. Waya wa kamera ulikuwa shingoni mwa Nyigu kabla hajajua umetoka wapi. Waya ukakaza. Taa za studio zikaanza kufifia machoni, moja baada ya moja.

Aliitafuta pua ya mtu yule kwa paji la uso wake, akaipata. Mfupa ulivunjika. Akazamisha kidole gumba kwenye tundu la risasi pajani, akakizungusha. Jamaa alinguruma, waya ukalegea, na Nyigu akamshindilia kitako cha Glock kwenye taya mara mbili.

Ya pili ilitosha.

Alikaa sakafuni akikohoa. Damu ya mpiga kamera ilikuwa ikimwagika kwa wingi mno. Nyigu aliitazama bila huruma yoyote. Alikuwa amechoka, mbavu zinamwaka, na alitaka mtu yule afe.

Mtu wa katikati alitambaa kutoka nyuma ya viti. Alivua barakoa, kwa sababu alishindwa kupumua.

Alikuwa Kibonge.

Mashavu yale ambayo watoto wa nchi nzima waliyaiga yalikuwa yamelowa machozi. Alimpita Nyigu, akapiga magoti kando ya muuaji, akaanza kufungua mkanda wa suruali ya mtu yule.

"Muache huyo," Nyigu alisema. "Amekuja kukuua."

"Nimesikia."

"Basi muache."

"Dada, lile hema lilikuwa na wa kwetu na wa kwao. Nilikuwa nimewafunga wote, kwa mikono hii. Jenerali alipoingia hakuuliza nani wa nani. Mimi nilijilaza chini ya kitanda cha maiti, nikajifanya maiti." Alikaza mkanda kwa nguvu. "Tangu siku ile nawachekesha watu, ili nisiwe peke yangu na kimya kile. Hebu nishikie hapa, usizubae."

Nyigu alishika. Asingeweza kueleza kwa nini machozi yalimlenga, yeye ambaye hakulia hata kwenye msiba wa baba yake.

Juu ya vichwa vyao, kwenye spika, mtu alikohoa. Ile simu ya pili ilikuwa haijakatwa. Kamera ya tatu nayo ilikuwa bado hewani.

"Haloo?" alisema yule mama mwenye sauti nzito. "Mwanangu... Kibonge? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mama," Kibonge alijibu bila kuinua uso. "Umepatia."

Gari la wagonjwa liliwachukua mtangazaji na mpiga kamera, wote wakiwa hai, mmoja akiwa na pingu. Nyigu alikwenda kumfungua Kocha.

"Ulidhani mimi nani?" Kocha aliuliza, akisugua kifundo cha mkono.

"Shujaa fulani. Mguu wako, na ulivyonyamaza."

Kocha alitazama chini. "Nilikuwa mpishi wa kambi. Mguu uliungua na sufuria. Nilikuwa naona aibu kusema."

Mkuu alimuuliza kwa simu kama alikisia sawasawa. Nyigu akajibu kwamba alikosea vibaya, na akamwomba asiliandike popote.

Saa nane kasorobo Land Cruiser ilisimama mbele ya mahakama. Umati ulikuwa umejaa ngazi zote. Wengi hawakuwa wameona televisheni, na walipomwona Kibonge akishuka walianza kucheka kwa mazoea, kabla hajasema lolote. Kisha wakaiona damu iliyomkaukia mpaka viwikoni. Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma, na watu wakaachia njia.

"Utaingia na mimi?" Kibonge aliuliza. Sasa mikono ilikuwa inatetemeka.

"Mpaka mlangoni."

Mle ndani Jenerali alikuwa ameketi na suti ya kijivu, akinong'ona na wakili wake, akitabasamu. Aligeuka kuona nani anaingia. Alimwona mtu mnene anayehema, akaendelea kutabasamu, kwa kuwa hakumjua.

Kibonge aliapa. Hakimu akamwambia aeleze alichokiona, kwa utaratibu, bila kuharakisha.

"Vilikuwa vitanda vingi, mheshimiwa," alisema. "Wote nawakumbuka kwa majina. Nitaanza na kitanda cha kwanza."

Tabasamu la Jenerali lilitoka usoni.

Nyigu alifunga mlango taratibu kutoka nje, akashika mbavu zake, akashuka ngazi.