Jua Likizama, Shusha Masafa

Mshonaji aliolewa na mchimba visima. Mumewe alikaa kambini, nyuma ya milima, ambako simu ya mkononi haishiki. Kila mchana mke alikwenda ofisi ya visima kuongea naye kwa simu ya upepo, yaani redio ya kuitana. Shemeji yake ndiye aliyeiendesha.

Jioni moja dereva wa lori akaleta habari. Kisima kimebomoka kambini. Watu wamefukiwa. Majina hayajulikani.

Mshonaji alikimbia ofisini, uzi ukining'inia shingoni.

"Kambi, kambi, mnanisikia?" shemeji aliita.

Shshshsh.

Aliita mpaka sauti ikamkauka, akamgeukia mshonaji. "Shemeji, hakuna mtu huko."

Waliporudi nyumbani, mama mkwe aliwatazama nyuso tu. Akaanza kutoa viti nje, vya waombolezaji.

Jirani yao, fundi redio waliyemwita Bi Waya, akaviona.

"Nani kafa?"

"Mwanangu."

"Mmeuona mwili?"

"Redio haijibu."

"Tangu lini redio ikatoa cheti cha kifo? Mmeita kwa masafa gani?"

"Yale yale ya mchana," shemeji alisema.

"Ndilo kosa! Twendeni."

Njiani mshonaji aliuliza, "Mchana yanafika. Jioni yana nini?"

"Wimbi la redio halipiti ndani ya mlima, mwanangu. Linapanda juu sana, linagonga tabaka la hewa lenye umeme, linarudi chini, mbali. Umeme huo huletwa na jua. Jua likizama, tabaka linapungua nguvu. Kitambaa kikichakaa, sindano inafanya nini?"

"Inapenya."

"Na masafa ya juu yanapenya hivyo hivyo, yanapotelea angani. Ya chini bado yanarudi. Kambini wameshashuka kwenye masafa ya chini. Ninyi mmebaki juu, mnaziita nyota."

Ofisini Bi Waya alizungusha kitufe cha redio, akayashusha masafa. Shshshsh. Mshonaji alifumba macho.

"...ofisi, ofisi, mko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mumewe!

"U mzima?" mke alipiga kelele.

"Mzima. Waliofukiwa tumewatoa, wanapumua. Mmoja kavunjika mguu, tunataka gari la wagonjwa. Tumewaita mpaka basi!"

Shemeji alitoka mbio kutafuta gari. Tangu siku hiyo, ukutani juu ya redio pameandikwa kwa chaki: MCHANA JUU, USIKU CHINI.

Mama mkwe alimwangalia mshonaji akirudi anacheka na kulia. Akaketi kwenye kiti kimoja.

"Haya, virudisheni ndani," alisema. "Hiki niachieni kwanza."