Samaki wa Harlan Walinukia

Shemeji yangu Harlan ni mpumbavu. Nalisema mapema ili mtu asije akaanza kumwonea huruma katikati ya kisa. Mdogo wangu Darlene aliolewa naye kwa sababu ya meno yake mazuri, na mimi nikabaki na kazi ya kumvumilia, maana duka langu la chambo liko pale pale wavuvi wanapoteremshia boti mferejini.

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi zote za Florida kusini. Joto, mbu, moshi wa miwa inayochomwa mashambani, majivu meusi yanadondoka juu ya pikapu zilizoegeshwa. Mamba wawili watatu walikuwa wamelala ukingoni wakingoja wajinga wawarushie mabaki ya chakula. Wanaume walipanga foleni na boti zao za kumetameta, wamevaa fulana zilizojaa majina ya biashara za watu wengine, utadhani mabango ya barabarani.

Na wanachofuata ni nini? Samaki anaitwa besi, ana mdomo mpana kuliko akili ya anayemvua. Wanamvua, wanamtia kidole gumba mdomoni ili wamnyanyue, wanampima, wanapiga naye picha, wengine wanambusu, halafu wanamrudisha majini. Hawamli. Mwanamume mzima, ana ndevu na wajukuu, anaamka alfajiri kwenda kumbusu samaki. Sheria yao ni moja tu: humuulizi mtu anavua wapi. Atakusimulia ugonjwa wake, atakusimulia hata ya chumbani na mkewe, lakini mahali anapovua atakufa napo.

Kila Jumamosi alikuja pia Mama Odalys. Ni Mcuba, mzee, mwembamba, mgonjwa wa moyo. Binti yake Odalys alitoka kazini jioni moja ya msimu wa kuchoma miwa, akaingia kwenye gari lake dogo la bluu, na hakufika nyumbani. Polisi walitafuta miaka ile, wakachoka. Mama hakuchoka. Alisikia kwamba boti za siku hizi zina vioo vinavyochora kila kilicho chini ya maji, basi akawa anakuja na sinia la keki zake za mapera, anampa kila mvuvi kipande na kumwambia maneno yale yale.

"Wanangu, mkiona kitu kule chini, niambieni. Nataka nimzike kabla sijazikwa mimi."

Daktari wake alikuwa ameshamwambia asitegemee kuuona msimu mwingine wa miwa. Wote walilijua hilo, hata Harlan. Harlan alikuwa akila vipande viwili.

Sasa, katika chama chao cha uvuvi, Harlan alikuwa kichekesho. Miaka yote hakuwahi kuleta samaki wa kutajwa. Ghafla msimu ule akaanza kurudi na mibesi mikubwa, minene, ya rangi iliyopauka. Picha yake ikapanda ukutani. Akaanza kutembea kifua mbele, akawa anawafundisha watu kufunga ndoana, yeye ambaye hata viatu vyake hufungiwa na Darlene. Fainali ya mashindano ya chama ilikuwa inakaribia, na kila mtu alisema safari hii ni yake.

Lakini samaki wake walikuwa wananukia. Sisemi wananuka, nasema wananukia. Akifungua tangi lililomo ndani ya boti, mahali wanapowaweka samaki wakiwa hai, inatoka harufu nzuri ya maua. Wenzake walimcheka wakamuuliza kama siku hizi anawaogesha kabla ya kuwabusu. Akasema ni sabuni ya mke wake.

Mama Odalys alikuwa anapita na sinia. Akasimama. Akavuta hewa mara moja, kisha tena, akaliweka sinia chini. Nilimkalisha kitini dukani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hayo ni marashi ya urujuani, ya watoto wachanga. Kwao kila mama humpaka mwanawe. Odalys alikua nayo akakataa kuyaacha, akawa anajipaka mpaka ukubwani.

Nilijisemea wazee wakiwa na majonzi hunusa mengi. Ila jioni ile Darlene akaja kwangu macho mekundu. Hana sabuni ya urujuani, wala hajawahi kuwa nayo. Mume harudi kwa wakati, halali, akilala anakunja ngumi amefumbata kidole gumba chake kwa ndani.

"Dada, ana mwanamke," akaninong'oneza.

Nilicheka mpaka nikakaa. Mwanamke gani huyo, mwenye macho yake mawili, amtake Harlan? Lakini mdogo wangu alikuwa analia, kwa hiyo nikamwahidi nitapanda boti ya huyo mzigo nione anakokwenda.

Harlan hakutaka. Nikamwambia aidha ananichukua au namwambia Darlene aanze kukusanya nguo. Akanichukua, amenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Tulitoka saa za asubuhi, jua limeshakuwa kali. Mfereji ule ni mnyoofu, maji yana rangi ya chai ya mkandaa, na mamba wamejipanga kingo zote mbili. Tulipita mbali sana, hata boti za wengine zikaisha. Akafika penye tawi la mfereji lililozibwa na magugu, akazima injini, akatusukuma kwa mti mpaka tukapenya. Upande wa pili kulikuwa na maji yaliyotulia, na juu ya ukingo kibarabara cha zamani cha miwa kilichoota majani, kinafika kwenye kona na kuishia hewani.

Mamba walikuwepo hata huko. Ila wote walikuwa nchi kavu. Wote walikuwa wameyapa maji mgongo.

"Mbona hawaingii?" nikauliza.

"Sema polepole, shemeji," akanong'ona. "Huko chini sauti inasikika."

Nilidhani anazungumzia samaki. Akawasha kile kioo chake. Picha hujichora mstari kwa mstari kadiri boti inavyosogea: tope, gogo, tope. Halafu ikaanza kuchora kitu kilichonyooka. Paa. Dirisha. Gurudumu. Mibesi imelizunguka kama kuku wamezunguka pumba.

Ndani ya dirisha la dereva palikuwa na mtu amekaa.

Nilimtazama Harlan. Hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anachagua chambo.

"Hilo ni gari," nikasema.

"Najua ni gari."

"Tangu lini?"

Hapo akaanza kunieleza, tena kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu anayemweleza mtoto. Samaki wakubwa hupenda kivuli na mahali pa kujificha, na mfereji mzima hauna mahali kama pale. Akisema, watakuja wapiga mbizi, itakuja kreni, gari litavutwa, samaki watatawanyika, na kila mshenzi wa chama atapajua. Fainali imebaki kidogo tu. Baada ya fainali atasema, na tena alishapanga namna ya kusema. Aliyekufa amekufa, akasema, kusubiri kidogo hakumdhuru.

Na keki amekula! Kila Jumamosi, viwili viwili, anamtazama yule mama machoni na kulamba vidole. La kuvunda halina ubani. Nilitaka kumsukuma majini pale pale, ila maji yenyewe hata mamba hawakuyataka.

"Rudisha boti," nikamwambia. "Sasa hivi."

Akatupa mshipi.

Boti ilikuwa imesogea kidogo, na kioo kikaanza kuchora upya. Paa. Dirisha. Kiti cha dereva.

Kiti kilikuwa kitupu.

Nilikitazama kiti kile mpaka picha yake ikasogea hadi ukingo wa kioo na kupotea. Likafuata tope. Halafu ukachorwa mstari mwembamba, umesimama wima. Ulianzia chini kabisa. Ulipanda. Ulikuja mpaka chini ya boti yetu.

Harufu ya urujuani ikajaa.

"Harlan," nikanong'ona. "Kata mshipi."

Mshipi ukakaza. Ufito wa kuvulia ukapinda. Na yeye, mbwa yule, akatabasamu. Akauvuta, jasho linamtoka, anasema rekodi hiyo, shemeji, rekodi hiyo. Juu ya maji likatokea libesi sijapata kuliona maishani, jeupe kama nyama ya nazi. Halikupigapiga. Halikurusha mkia. Lilikuja lenyewe, mdomo wazi.

Akapiga goti. Akatia kidole gumba mdomoni, kama wafanyavyo wote.

Mdomo ukafumba.

Akavuta mkono. Haukutoka. Akavuta tena. Besi hana meno ya kung'ata mtu, hilo hata mimi muuza chambo nalijua. Niliona nyama ya gumba lake inabonyea. Nikainama kutazama kwenye pembe ya ule mdomo.

Ndani palikuwa na vidole. Vinne. Vidogo, vimelizunguka gumba lake, vimelikaza.

Nilirudi nyuma. Lakini Harlan hakupiga kelele. Hakushtuka hata. Alikaa vile amepiga goti, amefumba macho, kama mtu anayengoja sindano ya daktari iishe.

"Ngoja tu," akaninong'oneza. "Huwa anaachia."

Huwa! Yaani haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa anashikwa, anaachiwa, anampima samaki, anarudi nyumbani kula, na wiki inayofuata anakuja tena kutia kidole mahali pale pale. Nimeishi na watu wabaya. Baba yangu mwenyewe hakuwa malaika. Sijawahi kumdharau kiumbe kama nilivyomdharau Harlan akiwa amepiga goti ndani ya ile boti yake ya kumetameta.

Siku hiyo hakuachiwa. Gumba likawa jekundu, likawa la zambarau. Boti ikaanza kuinamia upande wake, polepole, mpaka maji yakagusa ukingo. Akafumbua macho.

"Nitasema," akanong'ona. "Baada ya fainali. Nakuapia."

Boti ikazidi kuinama.

Wallahi hata hapo alikuwa anapatana bei. Nilimsogeza kichwa kwa mkono, nikainama mpaka uso wangu ukawa karibu na ule mdomo wa samaki. Ulinukia mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Odalys," nikasema. "Mama yako yupo. Anakutafuta mpaka leo. Nitamwambia mimi mwenyewe, leo hii, nikishuka tu kwenye boti hii. Huyu mwache, hana faida yoyote."

Vidole vikalegea kimoja kimoja. Boti ikakaa sawa.

Na mnajua Harlan alifanya nini? Alimpima samaki. Machozi yanamtoka, akamtundika kwenye mizani na kuniomba nimpige picha. Nikaitupa simu yake majini.

Nilitimiza ahadi. Mama Odalys hakulia nilipomwambia. Alivaa viatu, akachukua mkoba, akaniuliza kama kule kuna baridi. Jioni polisi walikuwa ukingoni na wapiga mbizi, na kesho yake kreni ikalitoa lile gari la bluu. Mkuu wao alidhani msichana alishindwa kuona kona kwa sababu ya moshi. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Milango imeganda kwa kutu, ikabidi waikate kwa mashine. Mkanda ulikuwa bado umemfunga kitini, tope limefika mapajani, halijawahi kuguswa.

Gazeti la mji likaandika kwamba aliyempata ni mvuvi hodari. Wakampiga picha Harlan amesimama mbele ya kreni, uso wa huzuni, fulana ya mabango. Fainali alikwenda pia, asipate hata mmoja, akasema maji yalikuwa na joto.

Kwenye mazishi alikuja na Darlene. Alijipanga kwenye mstari wa kutoa pole kama mtu mwenye haki ya kuwekwa mbele. Mama Odalys alimpokea mkono, kisha hakuuachia. Aliugeuza. Akalitazama gumba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaona alichokiona: alama za vidole vidogo, nyingine nyekundu, nyingine za kijani, nyingine zimeshapona na kuacha makovu, moja juu ya nyingine.

"Alikuwa akinishika hivi tukivuka barabara," akasema taratibu. "Akiwa anaogopa."

Harlan akaanza kusema jambo kuhusu meno ya samaki.

"Hapa pana alama za zamani," akasema mama.

Hakungoja jibu. Aliuachia ule mkono, akajifuta kiganja kwenye sketi yake, akamgeukia aliyefuata. Hakuna tusi ambalo mtu angeweza kulitoa likazidi lile. Darlene aliliona, na mwezi haukuisha akawa amehamia kwangu.

Mama Odalys alifariki kabla miwa haijaanza kuchomwa tena. Jumamosi moja hakutokea, nikaenda kwake na ufunguo alionipa. Nilimkuta kitandani amelala chali, uso umetulia, chumba kikavu, madirisha yamefungwa. Mwili ulikuwa umeshapoa tangu usiku. Mkono wake wa kulia ulikuwa nje ya shuka, kidole gumba kimenyooka, kama mtu anavyompa mtoto amshike.

Nikaushika niuweke kifuani. Kwenye gumba palikuwa na alama nne ndogo, zimebonyea, zimelowa maji. Na nilipokuwa nazitazama, ngozi ikaanza kurudi mahali pake polepole, alama moja baada ya nyingine, kama inavyorudi ngozi iliyoachiwa sasa hivi.