Kiwanja Kilichobaki Nusu

Jumamosi hakuna mtu alikuwa anabaki nyumbani Kavingoni. Hata kuku waliachwa wajichunge. Ilikuwa mwaka wa 1988, na Chui walikuwa wanacheza na Nyuki!

Chui ni timu ya watu wa juu, kule mlimani. Nyuki ni ya watu wa chini, karibu na mto. Kiwanja kilikuwa kimoja tu, kando ya soko. Upande wa juu kulikuwa na rundo refu la mawe, na hapo ndipo mashabiki wa Chui walikaa. Upande wa chini kulikuwa na rundo lingine, la Nyuki. Shabiki hakai kwa rundo la wapinzani. Afadhali asimame juani mpaka miguu ivimbe.

Mbuvi, fundi wa baiskeli, ndiye alikuwa na filimbi ya Chui. Akipuliza, rundo zima linaimba. Filimbi ya Nyuki ilikuwa ya Mutunga, kaka ya Kalunde, mke wa Mbuvi.

"Shemeji!" Mutunga akapiga kelele kutoka ng'ambo ya kiwanja. "Leo tunawauma mpaka mvimbe macho!"

"Nyuki gani hawana asali?" Mbuvi akamjibu. "Nyinyi ni nzi!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Karibu na Mbuvi alikaa mama yake, mzee Mbula. Yeye mpira hakuujua sana. Alikuja kuangalia mawe.

"Mwaitu, mama yangu, si ushangilie kidogo?" Mbuvi akamwambia.

"Nitashangilia nini? Mimi nilishamaliza kazi yangu hapa," Mbula akasema. "Baada ya Uhuru tu, wamama tulitoka na mwethya, tukafanya kazi pamoja, wa juu na wa chini. Hapa palikuwa mawe matupu. Tuliyatoa na mikono, tukayarundika pande mbili. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu ukilia. Unaona lile jiwe jeupe? Lilinivunja kidole."

Akaonyesha kidole chake. Kilikuwa kimepinda mpaka leo.

Jioni hiyo Mwalimu Muthoki alipita kwa Mbuvi. Alikuwa anafundisha watu wazima kusoma, nyuma ya kanisa. Alimkuta Kalunde akichambua ndengu kwenye ungo.

"Sina habari nzuri," Muthoki akasema. "Kaunsila Mwangangi anataka kanso, lile baraza lao makaunsila, ikate kiwanja. Anataka ploti za maduka."

Mbuvi akaruka. "Hawezi! Hii kiwanja ni yetu!"

"Ni yenu kwa mdomo. Hakuna mahali imeandikwa kwamba ni kiwanja cha watu. Ardhi kama hii inashikwa na kanso kwa niaba yenu. Makaunsila ndio wanakaa wanaamua. Na hapa kwetu kaunsila ni nani?"

"Mwangangi," Mbuvi akasema polepole.

"Basi. Na uchaguzi umekaribia."

"Nitasimama mimi mwenyewe!"

Kalunde akaacha ndengu, akamgeukia mume wake. "Baba Nzomo, Mutunga pia amesema atasimama. Si mkae chini muongee?"

"Nikae chini na Nyuki?"

Muthoki akavuta ungo. Akagawa ndengu mafungu matatu. "Hili fungu ni la Mwangangi. Hili ni la Chui. Hili ni la Nyuki. Kubwa ni gani?"

"La Mwangangi."

"Sasa angalia." Akaunganisha fungu la Chui na la Nyuki. La Mwangangi likaonekana dogo kabisa. "Watu wa mpira ni wengi kumshinda. Lakini mkigawanyika, yeye anapita katikati. Simamisheni mtu mmoja."

Mbuvi akaokota ndengu moja, akairudisha kwenye ungo.

"Hesabu ni nzuri, mwalimu," akasema. "Lakini ndengu hazina timu."

*

Mwaka huo watu walichagua kwa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Unasimama kwa laini nyuma ya mtu wako, kila mtu anakuona, halafu mnahesabiwa. Na walipangwa wapi? Pale pale kiwanjani!

Wagombea watatu walisimama golini. Laini zikaanza kukua. Laini ya Mwangangi ilifika katikati ya kiwanja, kwenye ule mduara. Ya Mbuvi haikufika kwa mduara, lakini ilikaribia. Ya Mutunga ilikuwa fupi kidogo kuliko ya Mbuvi.

Kalunde alisimama kati ya laini mbili, ya mume wake na ya kaka yake. Hakuingia yoyote.

"Mama Nzomo, njoo huku!" Mbuvi akamwita.

"Dada, huku!" Mutunga akaita.

Kalunde akaanza kulia mbele ya watu wote. "Mnaona vile mmesimama? Mmoja wenu avuke tu! Ni hatua chache! Baba Nzomo, vuka. Watu wako watakufuata."

Mbuvi akaangalia laini ya Mutunga. Kweli ilikuwa karibu. Hata hangetoka jasho. Lakini nyuma yake mashabiki wa Chui walikuwa wameanza kuimba jina lake. Na upande ule vijana wa Nyuki walikuwa wanamcheka.

"Nisimame nyuma ya Nyuki?" akasema. "Watanicheka mpaka siku ya kunizika."

Mutunga naye hakusonga.

Karani akahesabu. Kalunde hakuhesabiwa popote. Mwangangi akashinda, akainuliwa juu juu. Chui na Nyuki wakaondoka, kila mtu njia yake. Siku hiyo hakuna aliyepuliza filimbi.

*

Mwaka uliofuata lori ilikuja. Upande wa juu wa kiwanja ukawekwa waya. Halafu vijana wa kazi wakaanza kupakia mawe, rundo lote la Chui. Ni mawe ya msingi wa maduka, walisema. Ya bure, na yako karibu.

Mbula akatembea polepole na fimbo yake mpaka pale. Mbuvi akamfuata.

"Hayo mawe ni yangu," Mbula akawaambia.

"Nyanya, sisi ni watu wa kazi tu," kijana mmoja akasema. Hakuwa na ubaya. Aliinua jiwe jeupe, akalirusha kwa lori.

Mbula akamgeukia mwanawe. Hakumgombeza. Aliuliza tu, "Siku ile ya laini, kutoka kwako mpaka kwa Mutunga ilikuwa mbali?"

Mbuvi akaangalia lile jiwe jeupe likifunikwa na mawe mengine.

Mama huyo alikufa kabla ya mvua ya mwaka wa pili. Kwa mazishi Mutunga alikuja na watu wa chini, wakachimba kaburi pamoja na watu wa juu. Baadaye Mutunga akakaa karibu na Mbuvi kwenye benchi.

"Shemeji, mama yangu pia alibeba hayo mawe," akasema.

"Najua."

"Wamebakisha rundo letu. Lakini Mwangangi anataka kukata na huku."

"Najua, Mutunga. Wacha tumwite mwalimu."

*

Mwalimu Muthoki alikuja na hakuwacheka. Aliwaambia mambo matatu, na aliyarudia kila Jumapili baada ya kanisa.

"Moja, simamisheni mtu mmoja. Mbili, kila mtu achukue kadi ya kura, na ajiandikishe hapa, si Kikima kwa babu yake. Kama umejiandikisha Kikima, kura yako inachagua kaunsila wa Kikima. Haiwezi kulinda kiwanja cha Kavingoni. Na mtu hujiandikisha mahali pamoja tu. Tatu, mtu wenu akishinda msirudi kulala. Nendeni naye kanso, muombe kiwanja kipimwe."

"Na nani atasimama?" Kalunde akauliza.

Watu wa juu wakaangalia Mbuvi. Watu wa chini wakaangalia Mutunga. Ile kiburi ya zamani ilimwambia Mbuvi ajitaje mwenyewe.

"Rundo lililobaki ni la Nyuki," akasema mwishowe. "Asimame Mutunga."

Chui wengine walinung'unika. Mmoja akatema mate. "Mbele ya watu tutasema ndiyo," akasema. "Tukiwa peke yetu na karatasi, tutaona."

Desemba 1992 ikafika. Mlolongo ulikuwa umekwisha. Sasa ni karatasi na sanduku. Mbuvi akachovya kidole kwa wino, akaingia nyuma ya pazia. Hapo ndani alikuwa peke yake. Mutunga hakuwa anamwona. Chui hawakuwa wanamwona. Angeweka alama popote na hakuna mtu angejua.

Akakumbuka kidole cha mama yake kilichopinda.

Akaweka alama kwa Mutunga.

Na inaonekana wengi walifanya hivyo, kwa sababu Mutunga alishinda.

Hawakulala. Kila kanso ikikaa, watu wa Kavingoni walikuwa wamejaa huko nyuma, wametulia, wamenyamaza. Ilichukua mwaka mzima. Halafu sevea akaja, akapima, akaweka bikoni za simiti, alama za mpaka, kwenye pembe nne. Sasa ni kiwanja cha watu, na hakuna mtu anaweza kukikata tena bila kanso kuwasikiliza wenyewe kwanza.

Lakini maduka hayakubomolewa. Waliojenga walikuwa wameshapewa ploti. Kilichobaki ni nusu.

Mechi ya kwanza walicheza saba kwa saba. Rundo lilikuwa moja tu. Chui na Nyuki walibanana hapo magoti kwa magoti.

"Shemeji, hapo umekaa ni kwa Nyuki," Mutunga akasema. "Lipa kiti."

"Nirudishie changu, nitalipa."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Mpira ukapigwa vibaya. Ukagonga ukuta wa maduka, ukaanguka kwenye majani. Mbuvi akaenda kuuchukua. Akainama. Hapo chini kwa msingi, katikati ya simiti, aliona jiwe jeupe.

Akaligusa. Lilikuwa na joto la jua.

"Baba Nzomo!" Kalunde akaita. "Wachezaji wanangoja!"

Mbuvi akasimama. Akaurusha mpira kiwanjani, kwa ile nusu iliyobaki.