Swali la Thelathini na Moja

Kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kuinjika uji, Sada alichukua daftari lenye jalada la bluu akaketi kizingitini. Baba yake, Lukmani, aliketi mbele yake juu ya kigoda, kofia kichwani, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayengoja kusomeshwa. Hapo Hamugembe, Bukoba, kati ya migomba, binti wa miaka kumi na mitatu alikuwa akimtahini baba mtu mzima.

Vitani, katika jeshi la Waingereza, Lukmani alifundishwa kugonga simu ya upepo, kupeleka maneno kwa redio kwa milio mifupi na mirefu. Aliporudi Bukoba hamu haikumtoka. Alinunua mtambo mkuukuu na injini ndogo ya kuzalisha umeme, akaomba leseni ya kuongea na watu wa mbali kwa redio, si kwa biashara, kwa kupenda tu. Serikali ilitaka ajibu maswali arobaini kuhusu mtambo. Maswali hayo hayakubadilika mwaka hata mwaka, wala mpangilio wake. Waliotangulia waliyanakili pamoja na majibu, na daftari likapita mkono kwa mkono hadi kwake.

Siku moja, kwa utundu, Sada aliruka kutoka swali la kumi hadi la thelathini na moja. Baba akakwama.

"Usiniruke, mwanangu," alisema akicheka. "Twende mstari kwa mstari."

Sada naye akacheka. Kuna kitu alikiona siku ile, lakini hakukisema.

Lukmani alifaulu bila kosa hata moja. Leseni ikatundikwa ukutani, na jioni majirani wakawa wanajaa barazani kumsikiliza akigonga na kujibiwa kutoka Kampala na Mombasa.

Alasiri moja mtambo ulinyamaza ghafla. Lukmani alizima injini, akafungua kifuniko, akatia mkono ndani. Sada alikuwa mlangoni na ungo wa ebitoke, ndizi za kupika jioni. Alisikia kishindo kimoja tu. Baba alitupwa ukutani, na Sada alipomfikia hakuwa na pumzi tena. Walimzika kesho yake asubuhi, mvua ikinyesha.

Fundi aliyekuja kuuondoa mtambo alieleza kwamba ndani yake mna vikopo vinavyohifadhi umeme hata injini ikizimwa. Sada akalifungua daftari. Swali la thelathini na moja: Kabla ya kugusa ndani ya mtambo uliozimwa, utafanya nini? Jibu: Nitatoa kwanza umeme uliobaki. Maneno hayo baba aliyasema kila asubuhi.

Mama yake Sada, Siti, alikaa eda mpaka ikaisha. Wiki ile ile akafika Mwalimu Karugendo kwa baiskeli, kutoka Muleba. Alitoa pole kwa adabu, akanywa maji, kisha akasema lililomleta. Naye aliomba leseni, na mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili. Aliomba daftari la marehemu.

Sada alilikumbatia kifuani. Mama akamkumbusha kwamba mgeni hanyimwi.

"Nitampa, mama. Lakini nimwulize moja kwanza." Akamsomea swali la thelathini na moja.

"Nitatoa kwanza umeme uliobaki," Karugendo alijibu upesi. Nusu ya maswali alikwisha kuyapata kwa rafiki.

"Umeme gani, na injini imezimwa?"

Karugendo alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Hapo sijafika, binti."

"Mwalimu, shuleni mnatuambia tuonyeshe njia, si jibu tu."

Siti alikuwa jikoni hapo karibu akiipua chungu. Alivuta kuni nje, akazimwagia maji.

"Moto umezimika, mwalimu," alisema taratibu. "Shika figa."

Karugendo alinyoosha mkono. Kabla hajaligusa jiwe alihisi joto lake, akaurudisha.

"Hilo hukukariri kwa mtu," Siti alisema. "Mume wangu, Mungu amrehemu, jibu alikuwa nalo mdomoni. Mkononi hakuwa nalo. Na waliompa leseni waliupima mdomo tu."

Karugendo alishukuru, akaaga bila kuliomba tena daftari. Baadaye walisikia ameahirisha mtihani mwaka mzima, akajifunza kwa fundi. Siku ya mtihani alimsimulia afisa kilichotokea Hamugembe, akamwomba amjaribu kwa mtambo uliofunguliwa mezani. Afisa aliinamisha kichwa, kisha akaagiza bisibisi iletwe.

Lakini jioni ile, mgeni alipoondoka, Sada alilia. "Nilimwona baba amekwama, mama. Nikacheka."

Siti alimvuta karibu. "Wewe ni mtoto, mwanangu, na ajali ni ya Mungu. Mimi pia niliishangilia ile karatasi ukutani. Lakini shika hili: kukariri si kujua. Ukimsikia mtu anasema asichokielewa, hata umpendaye, mwulize kwa nini. Kumwuliza si kumvunjia heshima. Ni kumtakia uhai."

Walimsomea Lukmani Fatiha. Kisha Sada akachukua penseli, akafungua ukurasa wa kwanza, na chini ya jibu la kwanza akaandika: Kwa nini?