Mitungi Mitatu ya Achari

Kila asubuhi Bhargavi alichambua takataka za jikoni. Plastiki aliitia guniani, makombo ndooni. Makombo aliyachanganya na maji, akayamimina katika mtambo wa bayogesi nyuma ya jiko. Gesi ilipojaa, tangi la juu liliinuka. Mumewe alikuwa ameshafariki. Mwanawe, Rathish, alifanya kazi Doha. Katika nyumba ile, tumbo la kulisha lilikuwa mtambo huo tu.

Siku ya Onam, sikukuu ya mavuno, Rathish alipiga simu.

"Mama, nimenyimwa likizo. Mwakani, Mungu akipenda."

"Haya, mwanangu. Mwakani."

Jikoni palikuwa na mitungi mitatu ya achari ya ndimu, mmoja kwa kila mwaka aliomngoja. Bhargavi aliibeba nje, akaimwaga yote mtamboni.

Siku ya nne tangi la juu lililala chini. Moto wa jiko ukapepesuka, ukazimika. Alikula wali wa jana, baridi.

Kesho yake Sheeja, mama anayekusanya plastiki za kijiji na kukagua mitambo ya bayogesi, alifika. Akaziba pua.

"Mama, umelilisha nini hili? Linanuka kama mlevi!"

"Chakula. Si mlisema nitie chakula?"

"Chakula gani?"

"Achari."

"Kijiko kimoja?"

"Mitungi mitatu."

"Masikini! Hata mume wangu asingepona, na yule hula chochote!"

Bhargavi akacheka. Tangu sikukuu hakuwa amecheka.

"Ilikuwa ya nani?" Sheeja aliuliza.

"Ya mtu asiyekuja."

 Sheeja akachuchumaa kando ya tangi.

"Humu mna vijidudu visivyoonekana. Hivyo ndivyo vinavyokula makombo na kutoa gesi. Ukali wa ndimu na chumvi nyingi huviua. Usitie tena ndimu, wala mifupa, wala vifuu. Sasa chota nusu ya tope, ulimwage shimoni, mbali na migomba. Koroga samadi mbichi ya ng'ombe na maji, ujazie. Usilishe kitu mpaka tangi liinuke. Halafu anza kidogo kidogo, kama mgonjwa."

Walichota pamoja.

Baada ya wiki tatu tangi liliinuka. Bhargavi aliwasha jiko. Moto ukatoka wa buluu, akapika chai ya watu wawili. Tope jipya, lisilo na chumvi, lilikwenda migombani.

Mwaka uliofuata alitengeneza chupa moja ndogo ya achari. Mabaki ya ndimu aliyafukia shimoni. Rathish alipopiga simu kusema "mwakani", chupa ilikuwa tupu. Bhargavi na Sheeja walikuwa wameimaliza.